Halmoni aliponiuliza kama naweza kwenda kwetu

Chuseok, sikukuu kubwa ya mavuno ya Wakorea, mwaka 2018 iliangukia Jumatatu tarehe 24 Septemba na mi nilishajiandaa kukaa bwenini siku zote za sikukuu, maana Korea siku hizo maduka mengi yanafungwa, kila mtu anaenda kwao, sisi wanafunzi wa nje tunabaki na tambi za kikombe. Rafiki yangu wa darasani akaniambia onni, twende kwetu. Onni ni dada mkubwa, nilikuwa nimemzidi mwaka mmoja tu ila kule mwaka mmoja unatosha, ndo maana ukikutana na mtu haipiti muda anakuuliza umri. Wageni wengi inawakera hiyo, mimi niliyelelewa Muheza kwa shikamoo sikuona ajabu, sasa kama hujui nani mkubwa utamsalimiaje mtu?

Neno alilotumia ni "uri jip". Wakorea hawasemi nyumba yangu, wanasema nyumba yetu, mama yetu, nchi yetu, hata kama anayeongea yuko peke yake. Darasani Wazungu walihangaika sana na hiyo "uri", mi nikawa najiuliza mbona rahisi, si ndo "kwetu" yenyewe?

Basi tukaenda Ilsan, kaskazini ya Seoul. Asubuhi meza ya wazee waliotangulia ikapangwa, matunda, samaki, na songpyoni, hivi vya unga wa mchele vilivyokunjwa kama nusu mwezi na kupikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Baba wa nyumba akamimina pombe ya mchele, wote wakapiga magoti wakainama mpaka chini, mara mbili. Rafiki yangu akaninong'oneza, mzee aliye hai unamwinamia mara moja, marehemu mara mbili. Hilo likumbukeni.

Baada ya kula halmoni, yaani bibi yao, akasema sasa twende kwa wangu. Alikuwa na miaka 82 kwa hesabu yao. Nikadhani tunaenda makaburini, kumbe tunaenda Imjingak, pale Paju karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, na njiani mjukuu ndo akanipa kisa chote.

Halmoni ni mzaliwa wa Kaesong. Nchi ilipogawanywa 1945 kwenye mstari wa latitudo 38, Kaesong ilibaki upande wa kusini, kwahiyo huyu bibi hakuwahi kuwa "mtu wa Kaskazini" kama watu wanavyodhani. Januari 1951 vita vya Korea vikiwa vimerudi tena mama yake akamwambia atangulie kusini na kaka yake, siku tatu nne tu mtarudi, yeye akabaki na wadogo. Halmoni alikuwa na miaka 15. Vita vikasimama Julai 1953, mji ukajikuta upande wa pili na ndo ikawa basi. Na Kaesong sio kijiji jamani, ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Goryeo karne kwa karne, hilo jina Korea ambalo dunia nzima inalitumia limetoka kwenye Goryeo, alafu watu wa kusini hawawezi kufika. Inaniuma mpaka leo nikiliwaza.

Pale Imjingak kuna kichwa cha treni cha zamani kina matundu ya risasi zaidi ya 1,000. Halmoni alikipita bila kukitazama, akasema tu baba yake alikuwa anapanda treni za njia hiyo kupeleka ginsengi, mizizi ya dawa, Seoul. Akaenda moja kwa moja Mangbaedan, madhabahu iliyojengwa 1985 kwa ajili ya watu waliopoteza kwao, ili wainame wakielekea kaskazini. Wazee walikuwa wengi, suti zimenyooshwa, mikongojo, wengine wanashikiliwa na wajukuu. Halmoni akafungua bakuli lake, ndani kuna pyonsu, maandazi ya nyama yenye pembe nne ya kwao Kaesong, kayafinyanga mwenyewe usiku na hakutaka mtu amsaidie.

Akainama mara mbili. Mwanawe mkubwa alikuwa kasimama pembeni yangu, akaniambia taratibu kwamba zamani mama alikuwa anainama mara moja tu. Miaka na miaka mara moja, kwasababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wamekufa, na yeye atawainamiaje kama marehemu watu ambao labda wako hai wanakula chakula? Mwaka ambao mama yake angetimiza miaka 100 ndo akaanza mara mbili, na hakumweleza mtu. Niligeuka nikatazama mto.

Jina lake liliandikishwa zamani pamoja na watu zaidi ya 130,000 walioomba kukutanishwa na ndugu. Agosti hiyohiyo, mwezi mmoja nyuma, walikuwa wamekutanisha familia zisizofika 100 kila upande, wa kusini wakichaguliwa kwa bahati nasibu ya kompyuta. Jina lake halikutoka. Mwaka 2008 aliwahi kufika Kaesong kwa ziara ya basi, zilifunguliwa kidogo zikafungwa, akaliona daraja alilokuwa anapita akienda shule ila kutoka kwenye kundi hairuhusiwi.

Tukakaa kwenye benchi. Akanishika mkono akauliza, "Kwenu wapi?" Nikasema Tanzania, akatikisa kichwa, anataka mji, nikasema Muheza. Watu wote kule Korea walioniuliza kwetu ni wapi, swali linalofuata huwa simba au joto. Yeye akauliza, "Unaweza kwenda?"

Nikadhani Kikorea changu kimekosea, nikamwangalia mjukuu. "Anauliza kama unaweza kufika mpaka mlangoni ukabisha hodi."

"Naweza halmoni, ila nauli ni kubwa, sijaenda mwaka wa pili."

"Bibi yako yupo?"

"Yupo."

Akachukua pyonsu sita, akazifunga kwenye karatasi akaniwekea kwenye mkoba, zile za mezani kwa mama yake.

Kurudi tulikuta foleni ya sikukuu, njia ya dakika arobaini tukakaa masaa matatu. Halmoni alilala begani kwangu. Nilitoa simu kwa mkono mmoja nisimwamshe, nikamwandikia mjomba, kesho ukienda kwa bibi nipigie nimuone.