Kamera za skuli kule Micheweni

Zamani kidogo nlikuwa namsaidia dada mmoja wa chuo utafiti wake wa elimu mjumuisho, yani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, huko Pemba, upande wa Micheweni. Mie nlijua tunakwenda na madodoso kama watafiti wote, kumbe mwenzangu kaja na mkoba wa kamera! Njia yenyewe inaitwa fotovoisi, walioianzisha ni Caroline Wang na Mary Ann Burris miaka ya 1990, walianza na wanawake wa vijijini huko Yunnan, China, yani mtu unampa kamera apige anachokiona yeye halafu ndo mnakaa mnaongea juu ya picha zake.

Wazazi wakasaini ruhusa, watoto tukawaambia wasipige sura ya mtu bila kumuomba, wapige pahala panapowafaa skuli na panapowapa tabu. Wiki ile hapakukalika, ata mbuzi wa jirani kapigwa.

Picha tukazitandaza mkekani. Kulikuwa na mtoto wa kike anatembelea magongo, sote tunangoja alete picha ya ngazi za choo, yeye katuletea ile njia ya mteremko ya saruji ambayo mwalimu mkuu kila mgeni akija lazima ampeleke kuiona, imejaa pikipiki na baskeli za walimu pa kupita hapana! Sasa dodoso lingeuliza "njia ipo au haipo", tungetia tiki tukaenda zetu. Mwalimu mmoja aliiona pikipiki yake akacheka peke yake.

Lakini iliyonikaa mie ni ya kijana mwenye uoni hafifu, ambaye walimu walishamuita mvivu wa kuandika. Kapiga ubao kutoka dawatini kwake, nusu nzima ni mng'ao wa dirisha, sie wenye macho yetu mazima tukakodoa wee hesabu haisomeki. Tukamuuliza mbona hukumwambia mwalimu wako, akatushangaa, "Kwani nyie hamuoni hivi?"

Mwalimu wa darasa palepale akataka kumueka mbele, si ndo dawa ya kila kitu, mtoto akakataa, akaichukua kamera akapiga kutoka dawati la mbele, mng'ao uleule, akaja upande wa mlangoni akapiga tena, maandishi yakatoka yote. Basi akahamia huko, na aliyekuwa akikaa pale akanuna mpaka kengele ya kutoka maana ndo penye upepo.