Methani ya viwandani, Kenya na Tanzania: kwa nini mwaka 2004 hauonekani kwenye grafu

Grafu ya kulinganisha methani inayotokana na uchomaji wa nishati viwandani, yaani kundi la 1A2 katika orodha ya kimataifa ya hesabu za gesi joto, hatimaye inasomeka, baada ya kukwamishwa muda mrefu na jambo moja lililonikera kupita kiasi. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, kusini mwa pwani ya Tanzania, ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kikawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo, kikiachana na mafuta mazito. Nilitarajia mstari wa Tanzania ushuke mwaka huo, walau kidogo. Haukushuka hata chembe. Uliendelea kupanda taratibu kana kwamba bomba halikuwahi kulazwa.

Nilikagua jedwali safu kwa safu, nikashuku vizio, nikashuku hata namna programu inavyosoma nukta na mkato. Jibu lilikuwa limekaa kwenye vigezo vya mwaka 2006 vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ambavyo wengi wetu huvinakili bila kuvitazama mara ya pili. Kwa kila terajuli (TJ) moja ya nishati inayochomwa kiwandani, gesi asilia hukadiriwa kutoa kilo 1 ya methani, mafuta mazito kilo 3, makaa ya mawe kilo 10, kuni kilo 30, na mkaa kilo 200. Kuhama kutoka mafuta mazito hadi gesi huokoa kilo 2 tu kwa TJ, kwa hiyo kupunguza tani moja ya methani kwa njia hiyo kunahitaji TJ 500. Kuni zipatazo tani 2,140 zinatosha kuirudisha tani hiyo hewani. Tani 1,000 za kuni, zenye TJ 15.6, hutoa kilo 468, ilhali gesi yenye nishati hiyohiyo hutoa kilo 15.6.

Aliyezoea hesabu za kaboni dioksidi hushangaa hapa, kwa sababu kaboni dioksidi ya kuni haijumlishwi katika sekta ya nishati, lakini methani yake hujumlishwa. Saruji, pamoja na ukubwa wake wote, haisikiki. Kuni za viwanda vya chai na makapi ya miwa, yaani mabaki ya muwa uliokamuliwa, ndivyo vinavyoamua mstari uelekee wapi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba takwimu za kuni katika nchi nyingi za Afrika ni makadirio yanayosogezwa mbele mwaka hadi mwaka kwa kasi ya ongezeko la watu. Kiwanda cha chai angalau hununua mikaratusi yake na kuipima, lakini nani anayepima kuni za tanuri la matofali kijijini? Mstari laini namna hiyo ni zao la fomula, nami sitauchora tena bila kuutenga na mistari ya gesi, mafuta na makaa ya mawe.

Kuhusu zana, lahajedwali lilinitosha hadi nilipoanza kuunganisha matoleo tofauti ya takwimu. Tangu hapo natumia R, lugha ya programu ya takwimu, ambayo angalau huacha kumbukumbu ya kila hatua. Pia nimeacha kabisa kizio cha kaboni dioksidi linganifu, kinachogeuza methani kuwa kiasi cha kaboni dioksidi chenye athari sawa ya joto. Ripoti za zamani huzidisha methani kwa 21, nyingine kwa 25, na za karibuni kwa 28, na mtu asiye makini ataona ongezeko ambalo halikutokea popote. Tani za methani zenyewe zinatosha.

Uganda ilikuwa ifuate, lakini itasubiri, kwa kuwa makapi ya miwa yamenivuta. Makapi ni takribani asilimia 30 ya uzito wa muwa, na kila tani 1,000 zake zina TJ 11.6. Kwa kigezo kilekile cha kuni, kilo 30 kwa TJ, miwa tani milioni moja hutoa takribani tani 104 za methani iwapo makapi yote yatachomwa. Miwa hupimwa kwenye mizani ya kiwanda kwa sababu mkulima hulipwa kwa tani, hivyo takwimu zake zina mwenye kuzidai. Nitaanza na magharibi ya Kenya mwaka 2023, usagaji uliposimamishwa kwa miezi kadhaa kwa uhaba wa miwa iliyokomaa: mfululizo wowote wa makapi usioshuka mwaka huo nitauondoa kwenye grafu.