Mgonjwa Aliyekaa Kimya

Juzi binti yangu, anayejiandaa na mtihani wa uuguzi, aliniuliza: "Mama, wakiletwa wagonjwa wawili wa akili kwa wakati mmoja, unaanza na yupi?" Nikamjibu kama kitabu kinavyosema: usalama kwanza. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa namkumbuka Mwalimu.

Ilikuwa zamu ya usiku, mapokezi, mimi bado mwanafunzi. Kijana mmoja aliletwa amefungwa kamba mikononi, anapiga kelele kwamba kuna watu darini. Ndugu zake walitaka achomwe sindano alale. Daktari hakuikimbilia sindano. Aliagiza kamba ifunguliwe, apimwe joto, sukari na malaria kwanza, maana homa kali nayo huvuruga akili. Mwili ulikuwa unawaka, na malaria ikaonekana. Alikuwa mgonjwa sana, lakini watu wa kumhudumia walikuwapo.

Kwenye benchi alikaa mwanamume wa makamo, mwalimu wa shule, shati limepigwa pasi, ameletwa na dada yake. Kwenye kadi iliandikwa tu kwamba hapati usingizi. Dada mtu alikuwa anaongea kupitisha muda: kaka yake siku hizi amekuwa mkarimu, hata baiskeli yake, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, amempa mpwa wake. Sista wa zamu alikuwa anapita na sinia la vifaa. Akasimama. Akanikabidhi sinia.

Alimwomba dada mtu aende dirishani kushughulikia kadi, kisha akavuta kiti.

"Pole, Mwalimu. Baiskeli umeitoa. Shuleni utakuwa unaendaje?"

Hakujibu.

"Mtu akikosa usingizi muda mrefu, kuna wakati huona heri afe. Wewe umefika huko?"

Mwili ulinisisimka. Kwetu neno hilo halitajwi mbele ya mgonjwa. Tuliamini ukilitaja umeliita. Mwalimu aliangalia vidole vyake. Akaikunjua mikono ya shati, akaikunja tena, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Kelele za kijana zikapanda, zikashuka. Sista hakuongeza neno. Hakumkumbusha kwamba ana watoto, hakumwambia kujiua ni dhambi. Alisubiri.

"Nimefika, sista. Tangu Pasaka."

Akamuuliza kama ameshapanga atafanyaje. Akataja kitu, akataja na alikokificha. Kisha akashusha pumzi, akaomba maji ya kunywa.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Simu ilipigwa nyumbani, kitu kile kikaondolewa. Mwalimu akapewa kitanda karibu na meza ya wauguzi, asiachwe peke yake hata akienda msalani. Dada mtu alipoelezwa, kitu cha kwanza alichouliza ni kama polisi wataitwa. Hofu yake ilikuwa na msingi, kwani kanuni yetu ya adhabu, hapa Tanzania, ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilipotamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba, nilimfikiria yule dada.

Baadaye nilisoma katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ule wa mhGAP, mpango wao wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili, kwamba kumuuliza mtu habari ya kujiua hakumsukumi kujiua. Mara nyingi humpunguzia wasiwasi. Nilikuwa nimeshaliona hilo kwa macho yangu, kwenye mabega ya Mwalimu.

Alihamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, mimi nikapangiwa kituo kingine, na habari zake sikuzipata tena.

Swali la sista naweza kumfundisha mtu yeyote, na ninawafundisha. Kuisikia habari ya baiskeli katikati ya kelele zile, usiku, muuguzi mmoja na wodi nzima, hilo sijui linafundishwaje. Simlaumu muuguzi ambaye angepita na sinia lake. Nawaza tu ni wangapi walikaa kwenye benchi lile siku ambazo sista alikuwa likizo.