Siku mashine ilipotembea mezani

Desemba 2021 dada angu alikuja Kigoma na treni ya kutoka Dar, siku mbili njiani, na mzigo wake mkubwa haukuwa nguo, ilikuwa boksi la mashine ya kukandia unga, ile yenye bakuli la chuma na kichwa kinachoinuka. Kalikumbatia kama kichanga kutoka stesheni mpaka nyumbani Mwanga. Nikasema leo tunakula pizza. Mama akaguna tu, yeye kauza maandazi miaka na miaka, kila alfajiri anakanda kilo tano za ngano kwa mikono, sasa we umwambie habari za mashine!

Nikapima nusu kilo ya unga, maji ml 325, hamira kijiko cha chai, chumvi na mafuta kidogo, nikafunga ile ndoano ya kukandia nikawasha. Baada ya dakika mbili naona unga unanata vibaya mno kwenye bakuli, nami nimezoea donge la chapati, basi nikaongeza unga, bado unanata, nikaongeza tena, konzi baada ya konzi, mpaka donge likawa gumu na mashine ikaanza kuguguma, halafu ikaanza kutembea jamani, inaelekea ukingoni mwa meza na mimi nimeishikilia kama mbuzi wa Idd, dada anapiga kelele zima! zima!

Mama akaingia, akalibonyeza donge kwa kidole. "We mwanangu, nani kakufukuza?" Akanyunyiza maji kidogo kidogo huku analigeuza, akafunika na kitambaa, akasema tusiliguse mpaka amalize kuchambua mchele. Ikapita kama nusu saa hivi. Tulivyowasha tena, spidi ya chini kabisa, lilikuwa kitu kingine, likajikusanya kwenye ndoano na bakuli likabaki safi, ukilivuta linakuwa jembamba mpaka unaona kivuli cha kidole upande wa pili.

Likaumuka, tukalitandaza kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko, vile tunavyookaga keki. Jibini hatukuwa nayo. Na wala sio dhambi, huko Napoli kwenyewe, Italia ilikotoka pizza, kuna pizza inaitwa marinara ambayo haina jibini, ni nyanya, vitunguu saumu na majani ya kiungo yanaitwa origano basi. Sisi tukaweka nyanya, saumu na dagaa wa kwetu waliokaangwa kwa mawese. Chini iliungua upande mmoja, ila pembeni iliumuka ikawa na vitundu vikubwa, mtoto wa jirani akauliza hii chapati mbona imevimba, akala vipande vitatu.

Kesho yake saa kumi alfajiri nasikia mlango unagongwa. Mama.

"Hiyo mashine inakanda kilo ngapi kwa mara moja?"

Nikamwambia moja, tena kwa shida.

"Mh. Mrudishie mwenyewe." Akaenda zake na beseni.