Foleni ya Angani

Jana mama alinipigia simu kutoka Bombo. "Mwanangu, hiyo kazi ya kupanga njia za ndege ni ya nini? Kwani angani kuna foleni?"

Ipo, mama, ila haina vumbi.

Nilikuwa Entebbe, nimetoka kuwasilisha mpango wa safari ya Nairobi, ambao hutakiwa angalau saa moja kabla ya ndege kuondoka. Anayekwenda mashariki hupewa kimo cha maelfu witiri, nikaandika futi 25,000. Anayerudi magharibi hupewa shufwa, 24,000 au 26,000. Wakipishana juu ya njia ileile, futi elfu moja zinawatenganisha.

Basi wingu likajikalia juu ya ziwa, jeusi kama tako la sufuria. Rubani akaomba kulikwepa. Dakika sita zikaongezeka, na saa ya kufika mpakani ikabidi ihesabiwe upya, kwa sababu waongozaji wa Kenya huipanga ndege kwa saa waliyotajiwa. Chai yangu ikapoa (kama kawaida).

Mama, aliyeuza mafuta ya taa miaka mingi, akakatiza: "Na mafuta je?"

"Ya akiba yapo, mama. Nusu saa ya kuzunguka, mbali na ya safari."

"Haya. Kula, basi."