Siku moja maishani mwangu: Mapambo ya Krismasi yaliyotoka Dodoma yenyewe

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijanawa uso, natoka nje kuangalia anga. Desemba ndiyo mvua zinaanza hapa Dodoma, na zikishaanza ndizo zinazonipangia ratiba. Asubuhi jua linawaka vizuri, alasiri mawingu yanajikusanya, na ukichelewa kuanua, kazi ya watoto ya siku nzima inarudi kuwa uji. Leo kumekucha kweupe. Nashukuru Mungu, nawasha jiko.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, huku Nkuhungu. Shule zimefungwa lakini maofisi hayajafungwa, kwa hiyo mwezi huu tunao watoto wa miaka minne hadi saba kuanzia asubuhi hadi jioni. Wazazi wao wengi ni watumishi waliokuja baada ya serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016. Asili yao ni Moshi, Bukoba, Mbeya, Mwanza. Krismasi ikikaribia, familia zinafunga mizigo kwenda "nyumbani". Mtoto aliyezaliwa hapa, aliyejifunza kutembea kwenye vumbi la hapa, anaambiwa nyumbani ni kule anakokwenda mara moja kwa mwaka. Mimi ni Mgogo, mwenyeji wa hapa, jambo hilo linanigusa. Sitaki kumnyang'anya mtoto kwao kwa babu yake. Nataka tu akienda, mkononi awe na kitu cha Dodoma, cha kutundika kwenye mti wa bibi.

Saa 1:00 asubuhi

Napitia soko la Sabasaba: unga wa ngano, chumvi laini, manjano, choya kavu (rosela), ndimu. Nanunua haraka naondoka. Yale mapambo ya kung'aa ya madukani yamejaa kila kona na watu wanayapenda, sina ugomvi nayo. Ila mtoto akinunuliwa, anatundika tu, basi kazi imeisha.

Saa 2:30

"Shikamoo mwalimu!" Wanaingia mmoja mmoja, nami nawajibu marahaba, halafu nawasalimia wote kwa pamoja: "Mbukwenyi!" Wanaitikia kwa kelele hata wale ambao kwao hakuna anayejua Kigogo. Tunanawa mikono, tunavaa mashati ya zamani ya baba zao, vifungo mgongoni.

Saa 3:00

Tunaanza na unga, kwa sababu unga unahitaji jua la asubuhi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, na maji karibu kikombe kimoja, yanamiminwa kidogo kidogo. Tunakanda mpaka donge liache kunata, liwe kama la chapati ila gumu zaidi kidogo. Tunasukuma kwa chupa, unene usizidi nusu sentimita, kwa sababu pambo nene linakauka nje huku ndani bado bichi, kesho yake linapasuka. Tundu la uzi tunalitoboa kwa mrija wa soda mapema, likiwa kubwa kuliko unavyodhani, maana linasinyaa likikauka. Mtoto wa chini ya miaka mitatu simweki kwenye meza hii kabisa. Donge linafanana na chakula, na chumvi nyingi namna ile ni hatari kwa mtoto mdogo. Hata mbwa wa nyumbani asiachiwe.

Sasa rangi. Manjano haina shida, unatia kijiko tu. Choya ndiyo raha ya asubuhi. Ukiichemsha inatoa maji mekundu sana, lakini ukiyakandia unga, wekundu unageuka zambarau iliyofifia. Watoto wanaguna. Nakata ndimu, nakamulia juu ya donge, tunakanda tena, na wekundu unaanza kurudi polepole kuanzia pale ndimu ilipodondokea. Kila mmoja anataka kukamua. Nawaacha wakamue, ndimu nimenunua nyingi kwa ajili hiyohiyo.

Kuhusu maumbo, sina michoro ya kuwapa. Miaka ya nyuma nilikuwa nikiona theluji na kulungu wa nchi za baridi kwenye kadi ndivyo vinavyonakiliwa, na watoto wengi wa hapa hawajawahi kuona kimojawapo. Nawauliza tu: "Ukitoka nje ya geti lenu unaona nini?" Leo wametengeneza mibuyu yenye mashina manene, bodaboda mbili, kuku, na binti mmoja wa miaka mitano amekata kipande kirefu, akakichora mistari kwa kijiti kukizunguka.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Tenki la maji. La kwetu."

Wanaoishi Dodoma wanajua maana ya tenki la maji nyumbani. Nimetoboa tundu kwa juu pale aliponionyesha, tukaliweka kwenye mkeka wa nje pamoja na mengine.

Saa 4:30

Uji wa ulezi. Tunageuza mapambo upande wa pili.

Saa 5:00

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mlinzi wetu hutuletea udongo wa kichuguu, mwekundu, mchwa wameshausaga kazi yote. Tunauloweka, tunaukanda, tunatengeneza ng'ombe wa pango la Noeli.

Watoto wa Kigogo wamefinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani. Kwa hiyo mwalimu wa saa hii si mimi. Ni mtoto wa mlinzi, ana miaka saba, likizo nyingi hukaa Mvumi kwa babu yake. Anaanza na tumbo, anavuta miguu minne kutoka kwenye tumbo lilelile bila kuibandika, kwa sababu mguu wa kubandika hudondoka. Halafu anabana mgongo kwa vidole viwili, nundu inasimama. Pembe anaziacha mwisho. Wenzake wanamtazama mikono, hawamtazami usoni.

Mtoto mmoja wa Moshi akauliza, "Kwa nini wa kwako ana nundu? Wa bibi hana."

Swali zuri sana. Kwa bibi yake ng'ombe ni wa maziwa, anafungwa bandani na kukatiwa majani. Wa huku ni wa kienyeji, wanatembea mbali kutafuta malisho. Mwenye nundu akamjibu kifupi, "Ng'ombe anatakiwa kuwa na nundu." Yule wa Moshi akafikiri, akabana nundu kwenye wa kwake pia. Mwaka huu pango la bibi kule Kilimanjaro litakuwa na ng'ombe wa Kigogo.

Nikawasimulia kuhusu Mtakatifu Fransisko wa Assisi, aliyeandaa hori lenye nyasi kule Greccio, Italia, mwaka 1223, akaleta ng'ombe na punda wazima wazima ili watu waone kwa macho yao. Walipenda habari ya punda. Punda wanawaona barabarani wakivuta mikokoteni na kubeba madumu, kwa hiyo wakaanza kufinyanga na punda, kila mmoja na dumu lake. Hori lenyewe ni kifuu cha ubuyu: tunda lililopasuliwa nusu, unga umeshaliwa, nje bado lina vile vimanyoya laini vya kahawia. Ndani nyasi kavu. Watoto wanalisugulia shavuni kabla ya kuniletea.

Udongo hauanikwi juani. Unga unataka jua, udongo unataka kivuli na siku kadhaa, vinginevyo unapasuka. Tumewapanga ng'ombe kwenye ubaraza.

Saa 7:00 mchana

Wali, maharage, mlenda. Watoto wanalala. Mimi na dada wa jikoni tunasokota mashada. Mjomba wangu ana shamba la zabibu Hombolo, na vijiti anavyopogoa zamani alikuwa anavichoma. Sasa ananiwekea. Vikiwa vikavu vinavunjika, ila vikilala kwenye beseni la maji usiku kucha vinakubali kukunjwa. Unazungusha mduara wa kwanza, unachomeka ncha ndani, vingine vinafuata vikijishika vyenyewe bila waya. Katikati ya Dodoma ya zabibu, kununua shada la plastiki ni kupoteza hela.

Saa 8:40

Mawingu. Tunaanua mbio. Yaliyobaki mabichi tunayamalizia kwenye sufuria yenye mchanga, makaa machache chini na machache juu ya mfuniko, kama anavyooka keki mama yeyote asiye na oveni. Moto uwe mdogo. Ukizidi, yanafura na kupata mapovu.

Saa 9:30 alasiri

Mvua inapiga bati, tupo ndani na nyota. Karatasi zetu ni kalenda za ukutani za mwaka unaoisha, ngumu na zenye rangi, na gundi ni uji mzito wa ngano. Wakubwa wanakata robo duara, wanaikunja iwe umbo la pia (koni), wanabandika pia nyingi kuzunguka tufe la gazeti. Nyota hii ya pembe nyingi nilionyeshwa na mzazi mmoja Mmoravian wa Mbeya. Asili yake ni shule ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani, miaka ya 1830, ambako ilianza kama zoezi la jiometri. Kwangu bado ni somo la hesabu, na mtoto wa miaka saba leo amegundua mwenyewe kwamba akitaka pia nyembamba lazima apunguze robo duara.

Saa 11:00 jioni

Wazazi wanafika. Mama mmoja wa Kiislamu amemchagulia bintiye nani wa kumpa kuku wake wa unga: jirani yao wa ukuta mmoja, anayesherehekea. Baba wa tenki amesimama muda mrefu akiligeuzageuza. "Mpaka mfuniko kauweka," akasema.

Saa 2:00 usiku

Napaka vanishi ya fundi seremala, nje kwenye hewa, watoto wakiwa hawapo. Chumvi inazuia wadudu na ukungu lakini inavuta unyevu, na pambo linalokaa Dodoma likiwa kavu litatoka jasho na kulainika likifika Bukoba. Pande zote mbili, hadi ndani ya tundu.

Halafu natuma ujumbe kwenye kundi la wazazi: "Habari za jioni. Naomba kila mtoto kesho aje na trei moja ya karatasi ya mayai na boksi la viatu. Mapambo ya unga yafungwe kwenye trei, yabebwe mkononi, yasiwekwe kwenye begi la chini ya basi. Ng'ombe hawajachomwa, msiwaloweshe."

Mama mmoja amejibu hapohapo. Bibi wa Bukoba amepigiwa simu, ameelezwa habari za ng'ombe, na anataka wawili, dume na jike. Nimemwambia udongo upo, amlete mtoto saa mbili kamili.