Timazi kwenye ndoo

Jana mpwa wangu alikaa barazani na chelewa nne na uzi. Akafunga pembe zote, akapata mraba, akausimamisha; ukalala ubavu. Akakaza uzi. Ukalala tena.

"Mjomba, mbona nimefunga vizuri na hausimami?"

Nikampa chelewa ya tano aikatishe kona kwa kona. Ukasimama. Nami hapo hapo nikarudi kimawazo Konde, Pemba, kwenye jengo tulilokuwa tukilijenga, mwezi wa saba, kusi imeshika.

Jengo lenyewe lilikuwa na ukumbi, ofisi ya sheha na chumba cha kliniki ya mama na mtoto, chini ya paa moja. Mita 12 kwa 6. Nguzo za inchi 4 kwa 4 kila mita 3, zimekaa juu ya vikuta vya zege sentimita 30 kutoka ardhini, na kofia ya bati katikati, maana nguzo ukiizika Pemba mchwa na unyevu huanzia pale pale usawa wa udongo. Juu yake mwamba, yaani mbao ndefu inayounganisha vichwa vya nguzo, kisha kenchi 9, moja kila mita moja na nusu.

Katika mchoro, kila ukuta mrefu ulikuwa na mikingamo sehemu mbili, mbao 2 kwa 6 zilizokatishana. Upande wa mashariki, mmoja ulipita kwenye mlango wa sheha na mwingine katikati ya dirisha la kliniki. Kina mama walikuwa wameomba dirisha pana, wapate mwanga wa kusomea mizani. Tukasema tuitoe kwanza, tutaihamishia pengine. Niliafiki mimi mwenyewe, nikitazama misumari mipya kwenye viungo nikaona inatosha.

Alasiri kenchi ya tano ilikuwa juu. Timazi, uzi wenye uzito wa kuonyesha wima, ilining'inia kutoka kwenye mwamba, na ncha yake tumeizamisha kwenye ndoo ya maji ili upepo usiiyumbishe. Asubuhi uzi ulikuwa umegusa alama ya penseli kwenye mguu wa nguzo. Sasa kati ya uzi na alama pana vidole viwili. Nikadhani ndoo imesukumwa. Nikachuchumaa. Maji yalikuwa shwari, uzi umenyooka wima. Upepo ukavuma, na mbele ya macho yangu vidole viwili vikawa vitatu, kisha vinne, bila mlio wowote, kama mtu anayesogea msikitini kumpisha mwenziwe. Upepo ulipopungua nguzo ikarudi, lakini haikurudi yote. Fundi mkuu alikuwa juu ya ngazi. Aliniona nilivyoganda, akaweka kiganja kwenye mwamba, akasikiliza kwa mkono.

"Shukeni," akasema taratibu. "Mmoja mmoja. Msiruke."

Misumari haikuwa na kosa. Miwili iliyoachana inchi 3 inashindana na nguzo ya mita 3: kila kilo moja inayosukuma kichwani mwa nguzo, msumari unang'olewa kwa karibu kilo 40. Ukuta wa magharibi wenye mikingamo yake haukutikisika. Wa mashariki ukafuata upepo, na jengo likawa linajipinda kama nguo inayokamuliwa. Bahati mabati yalikuwa hayajapanda.

Tukaurudisha ukuta kwa kamba na mbao za mshazari zilizopigwa kwenye vigingi ardhini, kazi ya siku mbili. Kisha tukapiga plaiwudi ya milimita 9, shiti zima la futi 4 kwa 8 kila sehemu, misumari kila sentimita 15 pembezoni na 30 katikati. Pembe za chini za shiti zinataka kuinuka, kwa hiyo bolti za milimita 12 zikafungwa mpaka kwenye msingi. Na kila kenchi ikapata utepe wa chuma, kwani upepo wa mita 30 kwa sekunde unaweza kuvuta kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na paa lile, mabati na mbao zake, halikufika kilo 20 kwa mita hiyo hiyo.

Mlango wa sheha tuliusogeza tu. Dirisha la kliniki lilikuwa la mita 2.8, likabaki mita 1.6. Nilipopita masika moja nilimkuta muuguzi amebeba mizani kaitoa barazani, mtoto mkononi, kwa sababu ndani hasomi namba. Nimeipiga hesabu ile mara nyingi baadaye, na kila mara naona palikuwa na nafasi ya kuhamisha plaiwudi kona ya pili, kama tungekaa na kina mama kabla ya kushika msumeno.

Mpwa wangu aliutazama mraba wake wenye chelewa ya tano, akaweka kidole katikati.

"Sasa dirisha nitaliweka wapi?"